Sufuria ya Mbege

Jumatatu, 6 Oktoba
Nimerudi kutoka kazini, nikaenda moja kwa moja kuangalia ndizi. Ziko chini ya blanketi karibu na kabati. Zimeanza madoa. Bado kidogo.

Tarehe kumi na nane tunarudi Scarborough, upande wa pili wa jiji hili la ugenini, kwa Mzee Shayo kumposea Deo. Mara ya kwanza, mwezi wa nane, mwanangu alibeba katoni ya bia za dukani, na utepe juu. Mzee hakufoka. Aliisukuma kwa mguu, taratibu, mpaka mlangoni. "Mama Deo, binti yangu ni Mchaga. Leteni mbege. Mliyopika wenyewe." Deo akatazama zulia. Aikande, binti mwenyewe, akakimbilia jikoni. Ile aibu haijanitoka.

Mimi ni Mhehe. Kwetu ni ulanzi, unagema mwanzi, basi. Kupika pombe ya ndizi sijui. Baba Deo angekuwa hai angejua la kumjibu yule mzee. Mimi nilisema tu sawa.

Jumanne, 7 Oktoba
Nimeshuka kwa Mama Eshi, ghorofa ya chini. Mchaga wa Marangu huyu, mbege anaijua. Ndizi mbivu zichemke mpaka ziwe nyekundu, zipoe, zikae siku kadhaa zichachuke. Halafu upike uji wa kimea cha ulezi, uchanganye. Kesho yake inanyweka. Magome ya kuitia uchungu anayo.

Hakuniuliza habari za ndizi. Aliniuliza, "Una sufuria gani?" Nikamwonyesha ile ya ubwabwa. Akacheka. "Ukoo wote wa Shayo unywe kutoka humo?"

Nimepima jiko la umeme kwa mkono. Sufuria ndefu haiingii chini ya feni ya kuvuta moshi. Ikiwa pana sana itakaa juu ya plate mbili, na jiko la humu ndani la zamani, plate zake zinawaka zinavyotaka. Ikiwa ndogo, povu litamwagika. Sijaamua.

Alhamisi, 9 Oktoba
Deo kaniamulia. Kaja na lisufuria kutoka duka la vyombo vya hoteli. Mtoto anaweza kuogea humo. Nikamwambia jiko letu haliliwezi. Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba anataka kupika mara moja, siku moja, yaishe.

Nikalipokea. Amekonda. Naogopa kumuudhi.

Jumamosi, 11 Oktoba
Mkosi.

Tulianza asubuhi. Lisufuria limejaa ndizi na maji, limekalia plate mbili. Mpaka mchana halijachemka. Juu vuguvugu, unaweza kutia kidole. Deo akawasha plate zote hadi mwisho. Mwiko haufiki chini vizuri. Chini kukashika. Nikasikia harufu, nikajua, lakini nikaendelea kukoroga kama mjinga.

Kisha moshi. King'ora kikalia, milango ikafunguka korido nzima. Msimamizi wa jengo akapanda. Akasema nikirudia atanipa barua ya kuhama. Miaka yote humu sijawahi hata kugombezwa.

Kila kitu kimeungua, hata ya juu ina ladha ya moshi. Tumemwaga ndizi zote. Deo akatupa mwiko kwenye sinki. "Mwambie yule mzee nimechoka. Basi." Kwa Kiswahili. Akaondoka.

Jumapili, 12 Oktoba
Hajarudi. Simu hapokei.

Baada ya misa Aikande amenipigia. Sauti imekauka. "Mama, Deo anasema haji Jumamosi. Hataki kuja, au hanitaki mimi?"

Nikamwambia, "Kesho napika upya." Lilinitoka kabla sijafikiri. Nina hasira na Deo. Nina hasira na Mzee Shayo zaidi.

Muuza matunda jirani na stesheni kanipa ndizi zake nyeusi ambazo hakuna anayezitaka. Nimezibeba mpaka mabega yakawaka.

Jumatatu, 13 Oktoba
Sikukuu ya huku ya shukrani, sina kazi. Nimejaribu kila sufuria kwa maji matupu kwanza. Ya Mama Eshi, ya wastani, imekaa sawa kwenye plate moja na kuchemka haraka. Ya kwangu ya ubwabwa pia. Basi, hizo mbili. Sizijazi. Povu nimeliachia nafasi ya kiganja kizima. Zikiisha, napika tena.

Dirisha wazi, baridi mgongoni, moto usoni. Masikio yako kwenye king'ora. Kila mlango wa lifti ukigonga nadhani ni msimamizi.

Saa za mchana mlango ukafunguka. Deo. Akavua koti, akachukua mwiko wa sufuria ya pili. Tukakoroga. Muda mrefu sana baadaye akauliza, "Mama, nikikosea tena?"

"Tutamwaga tena."

Zilikuwa nyekundu kabla giza halijaingia; tukaziacha zipoe kwenye ndoo. Nimelia chooni.

Ijumaa, 17 Oktoba
Ndizi zimechachuka, ndoo zinanong'ona. Tumechuja, tumepika ulezi kwa mafungu, tumechanganya. Nimeonja. Sijui mbege nzuri ikoje! Mama Eshi hayupo kunionjea, yuko zamu hospitali.

Jumamosi, 18 Oktoba
Mzee Shayo alimiminiwa wa kwanza. Akanusa, akanywa, akashusha kikombe.

"Chachu."

Deo akasimama. Nikadhani anaondoka. Akasema kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika, "Baba, ya kwanza nimeunguza. Hii nimekoroga mimi na mama. Kama mbaya, nitapika ingine. Mimi sitaki bibi mwingine."

Watu wakaangua kicheko kwa hilo la bibi. Mzee hakucheka. Ni Mama Aikande aliyenyoosha mkono, akachukua kikombe cha mumewe, akanywa chote, akafuta mdomo.

"Baba Aikande, usitusumbue. Tangu unioe hujawahi kuchemsha hata maji ya chai. Mimina nyingine."

Mzee akamtazama. Kisha akamtazama Deo. Akamimina mwenyewe, akampa Deo kwa mikono miwili.

Tumekubaliwa.

Jumapili, 19 Oktoba
Mvua nyembamba tangu asubuhi. Deo na Aikande wamepita kuniaga, wamekwenda kanisani. Mabega bado mazito. Nimekula kiporo cha wali, nikalala mchana, usingizi wa kweli. Nilipoamka nyumba ilikuwa kimya na mvua imekatika.