Aliyepaswa Kufukia Ngoro

Jumatatu, 3 Machi
Kidato cha Pili tena. Misri, Roma, Zimbabwe Kuu. Nimeandika ubaoni: sababu za kuanguka. Vita, ukame, tamaa ya watawala, udongo kuchoka. Wananakili bila kuuliza kitu. Dola zote zimezikwa kabla ya chai. Chaki imeniwasha koo. Nimechoka kuzika watu.

Ijumaa, 7 Machi
Kandidi, mdogo wangu, amepiga simu kutoka nyumbani Mbinga. Hatengenezi tena ngoro za Mama. Atazisawazisha, alime matuta ya maharage. Nimepandwa na hasira mpaka chai imepoa. Mashimo yale yamepangwa safu kwa safu mlimani, maji ya mvua yanatulia humo, udongo haushuki. Mababu waliyabuni wenyewe, hakuna mfalme aliyewaamuru, na mteremko ule umetulisha hadi leo. Huo ndio ustaarabu wetu. Kwenye muhtasari wa somo haumo.

Jumapili, 9 Machi
Nimeenda. Ni kweli. Kule kwetu mwanamume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa miraba, mwanamke huchimba katikati na kuzifukia udongo. Kandidi yupo wa kulaza. Wa kufukia hayupo. Mkewe anauza vitenge Makambako, harudi. Mama mgongo umekataa. Nikamwambia afukie mwenyewe.
“Nifukie mimi, kaka? Halafu kilabuni nikakae na nani? We rudi kwa Warumi wako, mimi nina watoto wa kulisha.”
Nilitaka kusema nitafukia mimi. Majirani walikuwa wanapita, wanatoka kanisani. Nikawaamkia. Mama alitutazama wote wawili, akaingia ndani.

Alhamisi, 13 Machi
Amemaliza. Ametuma picha. Matuta yanashuka moja kwa moja toka kileleni hadi mtoni, maana kulima hivyo ni rahisi. Mlima mwekundu mtupu. Anaonekana amefurahi, mjinga huyu. Nampenda na ningemzaba kofi.

Alhamisi, 20 Machi
Mvua tangu jana. Bati linapiga kelele, sisikii hata redio. Mtaa mzima wa Lizaboni hapa mjini unashukuru, mahindi yatabeba. Mimi nailaani. Simu ya Kandidi haipatikani. Darasani nimewapa kazi ya kusoma kimya, nikasimama dirishani kipindi kizima.

Jumamosi, 22 Machi
Maharage yamekwenda mtoni. Udongo umekwenda mtoni. Shamba limebaki changarawe na mawe ambayo hata Mama hakujua yapo. Shamba la jirani limekaa vile vile, ngoro zimejaa maji.
Nilikuja Mbinga na hotuba. Sikuitoa. Kandidi alikaa kizingitini na matope hadi magotini. Aliogopa kuchekwa. Nami niliogopa kuchekwa. Miaka yote hii nafundisha kuanguka kwa mataifa, aibu sijawahi kuiandika ubaoni. Pengine hata Warumi kuna kazi waliona haya kuifanya, nani atajua.
Udongo ule haurudi. Si katika maisha yangu, wala ya watoto wake.

Jumatano, 26 Machi
Mwanafunzi mmoja ameuliza tunajifunza nini kutoka kwa dola zilizoanguka. Nimempa jibu la mtihani. Ameandika, ameridhika. Najisikia mwongo.

Jumapili, 6 Aprili
Mama yuko kwangu sasa. Anasema ni kwa muda. Hakuna anayeamini, hata yeye.
Leo tukitoka misa alisimama mbele ya duka, akatazama mifuko ya unga kwa muda mrefu. Maisha yake yote hajawahi kununua unga. Akanivuta shati, akaniuliza kwa sauti ndogo mtu anasemaje akitaka kununua. Nikamwambia unataja kilo tu, Mama. Akatikisa kichwa. Akaomba niseme mimi.
Nilisema tano. Akaupokea mfuko kwa mikono miwili, akamshukuru muuzaji kama aliyepewa bure, tukarudi nyumbani.