Neno la Nane la Kija

Bi. Modesta mpendwa, shikamoo. Nasoma ukurasa wako tangu nikiwa darasa la sita na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitakuandikia mwenyewe, lakini naomba msaada wako, tena upesi, kwa sababu jambo langu lina tarehe, nayo ni mwisho wa mwezi huu.

Nina miaka kumi na sita, niko kidato cha pili, na tunakaa Nyegezi karibu sana na ziwa. Mdogo wangu wa kike, Kija, ana miaka saba na hasemi. Si kiziwi, maana mfuko wa sukari ukifunguliwa jikoni anausikia akiwa uani na anakuja mbio. Daktari aliyempima alisema hali yake inaitwa otizimu, akaliandika neno hilo kwenye karatasi, na baba akaikunja karatasi akaiweka ndani ya Biblia, ambamo imo mpaka leo ikimsubiri mtu wa kuisoma. Ndugu zetu hawakuhitaji karatasi kwa sababu kila mmoja alikuwa na jibu lake tayari, wengine walisema mama alikula mayai akiwa mjamzito, wengine walisema mtoto amedekezwa, na Shangazi Dorotea, dada yake baba ambaye tunaishi naye, alisema Kija anajua kusema vizuri tu ila ana kiburi.

Hatari kubwa kwa Kija ni ziwa. Magugu maji yakijaa ufukweni yanaonekana kama uwanja wa majani, yana mpaka maua, na mwaka juzi Kija alitembea juu yake hatua tatu akazama mpaka shingoni, akatolewa na mama mmoja aliyekuwa anafua. Tangu siku hiyo mama alipotaka kukaa kwenye cherehani alimfunga Kija kwa kanga kwenye mguu wa kitanda. Alikuwa analia akifunga fundo. Majirani walimsifu sana, walisema sasa ameanza kulea.

Aliyetutoa hapo ni Mwalimu Getruda wa kituo cha watoto wenye ulemavu, ambaye alijifunza kwa wageni fulani kazi ya kufundisha mbwa wa kumwangalia mtoto. Mtoto wa mbwa tulipewa na Champaben, mama wa Kihindi ambaye mama anamshonea nguo za dukani, na Mwalimu alimfundisha miezi tisa. Anaitwa Tomi. Kija anavaa mkanda kiunoni, Tomi ana mkanda shingoni, kati yao kuna kamba, na Kija akielekea majini Tomi analala chini, na mbwa mkubwa kama yule akilala hakuna mtoto wa kumburuta. Kija akianza kujigonga kichwa ukutani Tomi anamlalia miguuni mpaka atulie. Mwaka mzima sasa Kija hajafungwa kitandani. Shangazi anasema ni aibu mtoto wa watu kulelewa na mbwa, na huwa anayasema hayo akiwa anatoka kwenda kwenye kikundi chake cha kwaya, akituacha na Tomi.

Halafu wale wageni wakaleta kituoni mashine, nasi tukaazimwa moja. Ni ya plastiki, ukubwa wake kama daftari, ina vitufe vinane, na kila kitufe unakirekodia neno na kukibandikia picha, mtoto akikibonyeza mashine inalisema. Mwalimu Getruda alisema familia ichague maneno manane ambayo mtoto anayahitaji kila siku. Hapo kwenye "familia" ndipo alipokosea, kwa sababu baba aliitisha kikao. Walikuja wazee wanne, pamoja na Mzee Chenge, mkubwa wa ukoo wetu, ambaye alitoka Magu kwa ajili hiyo, na kuku alichinjwa.

"La kwanza ni shikamoo," alisema Mzee Chenge. "Mtoto asiyesalimia huyo si wa kwetu."

"La pili asante," alisema shangazi, "na la tatu samahani."

Mama alikuwa amepiga magoti mlangoni na sinia. Alisema, "Naomba moja liwe 'sitaki'."

Shangazi alicheka mpaka akashika ubavu. "Wifi jamani! Mtoto hajasema neno tangu azaliwe, halafu tumwanzishie na jeuri?"

"Akikataa kitu si atatikisa kichwa," alisema baba.

"Hajui kutikisa kichwa," alisema mama, lakini sinia lilikuwa limeshapokelewa, kwa hiyo kazi yake pale ilikuwa imekwisha.

Basi wakagawa: shikamoo, asante, samahani, karibuni, ndiyo, Bwana asifiwe, na nimeshiba, ambalo shangazi alisema litamfaa ugenini hata kama hajashiba. La nane likawa naomba radhi. Mjomba mmoja aliuliza kama samahani halitoshi, Mzee Chenge akasema mtoto wa namna hii atakosa mara nyingi. Shangazi aliyarekodi yote kwa sauti yake, hivyo Kija wa miaka saba akawa anaomba radhi kwa sauti ya mwanamke wa miaka hamsini. Alivibonyeza vile vitufe siku chache akaviacha. Ukibonyeza "ndiyo" na hakuna aliyekuuliza kitu, hakuna kinachotokea.

Sasa naungama. Alasiri moja nikiwa peke yangu na Kija nilifuta neno la nane nikarekodi "sitaki" kwa sauti yangu niliyoipunguza, nikabandika picha ya mkono unaosukuma sahani. Nikamletea dagaa, ambao harufu yao inamtesa, nikamshika kidole tukabonyeza, nikaondoa sahani. Siku ya nne alibonyeza mwenyewe. Niliondoa sahani, naye akaifuata kwa macho mpaka jikoni, akabonyeza tena, kama mtu anayehakikisha.

Jumapili moja Mzee Chenge akaja tena. Shangazi alimpigisha Kija magoti, akamshika kidole akakibonyezea shikamoo, na mzee akasema marahaba, akamwekea mkono kichwani ili amwombee. Kija hawezi kuguswa kichwani, anaumia kama wewe unavyoumia ukiguswa kidonda. Maombi yalikuwa marefu. Kija akabonyeza, "Sitaki." Mkono ukabaki. "Sitaki. Sitaki." Nilihesabu mara sita. Tomi akainuka, hakubweka, hakuonyesha meno, alijipenyeza tu katikati yao kama alivyofundishwa, na mzee akarudi nyuma mpaka kwenye kabati.

"Shigela," alimwambia baba, "nyumba hii anatawala nani, wewe au mbwa?"

Mzee alipoondoka baba alimgeukia mama. "Kikao kilikukatalia, ukaenda kufanya kwa siri." Mama hakujibu. Alikusanya vikombe. Leo ni siku ya kumi na moja baba anaongea naye kupitia kwa shangazi, "Mwambie wifi yako chai imepoa," na mama amekaa hapo hapo.

Baba si mtu mbaya. Alipunguzwa kazini kwenye kiwanda cha pamba kilipobinafsishwa, akakaa nyumbani miaka miwili, na kazi ya ulinzi aliyonayo sasa kwenye kiwanda cha minofu ya samaki aliipata kwa mtu anayemsikiliza Mzee Chenge. Amesema mwisho wa mwezi mashine irudi kituoni na Tomi aende kulinda geti la kiwanda. Ile kanga imefuliwa, imekunjwa, iko juu ya kitanda.

Nikisema ni mimi, shangazi ameshatangaza kwamba aliyechezea uamuzi wa wazee, kama ni mtoto wa humu, masomo yake yamekwisha. Nikinyamaza, mama anaendelea kubeba. Tena shuleni tumefundishwa kuwatii wakubwa, na mimi nimemfundisha mtoto mdogo kuwakatalia. Je, nilikosa? Nifanye nini? Tafadhali usichapishe jina langu.

Ni mimi,
Binti wa Nyegezi

BI. MODESTA ANAJIBU

Binti, marahaba. Barua yako nimeipitisha mbele ya kina mama watatu wanaolalamikia nyumba ndogo, nao watanisamehe, waume zao hawaendi popote kabla ya mwisho wa mwezi.

Jina lako sikulichapa, na mengine yote nimeyabadilisha. Ila sikuweza kubadilisha mbwa, mashine, kikao na mzee kwenye kabati, na sidhani kama Mwanza ina nyumba mbili za namna hiyo. Gazeti likifika kwenu, jirani wa kwanza kulifungua atajua ni nani. Kwa hiyo lile swali lako la kusema au kunyamaza limeshajibiwa na mwendesha mtambo wa kuchapa. Kilichobaki ni nani aseme kwanza, wewe au muuza magazeti.

Niwapongeze wazee wako. Wanaume wazima wamesafiri, wamekula kuku, wamepewa maneno manane ya kumpa mtoto ambaye hakuwahi kuwa na hata moja, na yote manane wakajigawia wao wenyewe. Awasalimu wao, awashukuru wao, awaombe radhi wao, mara mbili, maana moja haitoshi. Neno "inauma" halikupata nafasi. Maji halikupata nafasi. Mama halikupata nafasi, ingawa mama mwenyewe alikuwa hapo hapo mlangoni na sinia. Shangazi yako naye nimpongeze kwa kazi nzuri ya kurekodi. Amehakikisha kwamba hata mtoto asiyesema anaongea kama Shangazi Dorotea.

Wewe nawe usianze kutabasamu, zamu yako imefika.

Unaniuliza kama ulikosa. Kumpa Kija neno la kukataa hukukosa. Mtoto anayeweza kusema sitaki ndiye anayeweza kujilinda siku wewe na mbwa hampo, na kama utii unaofundishwa shuleni unamtaka mtoto avumilie mkono unaomuumiza, mwambie mwalimu wako aniandikie, nitamjibu kwenye ukurasa huu huu. Ulikosa kwingine. Ulifuta kwa siri, ukapunguza sauti ili usijulikane, halafu lilipokuja kuulizwa ukajificha nyuma ya mama yako siku kumi na moja, ukihesabu. Unajua kuhesabu vizuri sana, mara sita, siku kumi na moja. Hukuhesabu mara ngapi ulipita karibu yake jikoni ukakaa kimya?

Na kuna jambo umeliandika bila kuliona. Baba yako alimlaumu mama, na mama hakujibu kitu. Unadhani kwa nini? Mwanamke aliyekuzaa, anayeisikia sauti yako kila siku tangu ulipolia mara ya kwanza, asiitambue kwa sababu uliipunguza? Alijua tangu lilipotoka "sitaki" la kwanza. Amekaa kimya ili wewe uendelee kwenda shule. Ameuchukua ugomvi wa nyumba nzima akauweka mgongoni, anasubiri uone mwenyewe.

Basi sikiliza ninachokuagiza. Kwa baba yako nenda mchana, akiwa ametoka kazini na ameshakula, shangazi akiwepo, ili isije ikapita kwake ikageuka. Piga magoti kama ulivyolelewa. Sema, "Baba, ni mimi niliyefuta neno. Mama hakuhusika." Unyamaze hapo. Usimhutubie, usimtajie otizimu, usimlilie. Mwache akasirike, ana haki ya kukasirika. Hasira yake ikishuka, muombe mambo mawili tu: aitoe karatasi ya daktari aisome, na mkamwite Mwalimu Getruda aje akae na Kija siku nzima aone mtoto anahitaji nini, ndipo vitufe vipangwe upya. Safari hii bila kuku. Hata shikamoo libaki, si neno baya. Ila wamwachie naye maneno yake mwenyewe.

Kuhusu ada, maneno ya shangazi si amri. Anayelipa ni baba yako, na mama yako anayeshona. Likiwa zito, Mwalimu Getruda ni mtu mzima, mwombe akusindikize.

Sasa wewe, Baba Shigela, kwa jina lolote lile unaloitwa, maana najua utasoma. Kupunguzwa kazini kunavunja mtu na sikucheki kwa hilo. Najua unamwogopa mzee kwa sababu ya mkate wa watoto. Lakini unataka kumpeleka Tomi getini, na geti tayari lina mlinzi, ambaye ni wewe. Kabla hujampeleka fanya jambo moja la kiume. Chukua siku yako ya mapumziko, vaa ule mkanda, kamba ifungwe kwako, uwe mbwa kuanzia asubuhi mpaka jua lizame. Akienda ziwani lala chini. Akijigonga mlalie miguu. Akibonyeza sitaki, ondoa mkono, usiulize nani kamfundisha. Jioni ukiwa bado unaona geti la kiwanda lina shida kubwa kuliko mwanao, mpeleke mbwa, na mimi nitakuomba radhi kwenye gazeti. Mke wako naye anakudai radhi, na safari hii mwambie mwenyewe, bila mkalimani.

Binti, kama gazeti limekufikia wewe kwanza una nusu siku. Usianzie kwa baba. Anzia jikoni. Mama yako hawezi kulianza hili yeye, kwa sababu akilianza atakuwa amekutaja, na kukutaja ndicho kitu ambacho amekataa siku zote hizi. Liweke gazeti chini, nenda.