Nilificha Jina, Nikataja Kijiji

Bradford, Jumatano

Shikamoo Mama,

Dada yake Nurul amechukuliwa na askari nyumbani kwake Myanmar, na mpaka sasa hajulikani alipo. Aliyenieleza ni Nurul mwenyewe, leo asubuhi, mlangoni pa kiwanda cha mikate anakofanya kazi. Nimeitanguliza habari hii kwa sababu kila ukipiga simu unaniuliza "wale watu wa mabango" wamefikia wapi. Wamefikia hapo. Sasa niambie goti lako linaendeleaje, na kama baba mdogo amesharudi kutoka hospitali ya Ikonda, na vipimo vilisema nini.

Mimi siumwi. Baridi ni kama ya huko nyumbani Yakobi mwezi wa saba, ila hapa hakuna moto wa kuota na majirani hawaongei.

Nurul na wenzake ni Warohingya, Waislamu wa Myanmar. Jeshi la kwao lilichoma vijiji vyao, na serikali inasema hawakuwa raia tangu mwanzo. Kila Jumamosi wanasimama kwenye ngazi za ukumbi wa mji na picha za waliouawa. Juzi mpita njia aliuliza, "Mnauza nini?" Bi Salima, mkubwa wao, akamjibu, "Tunagawa bure, mwanangu. Chukua mmoja ukamzike." Yule bwana akapokea karatasi, akaikunja bila kuisoma.

Nilipomhoji Nurul kwa ajili ya gazeti nilianza kama tunavyoanza kwetu: wewe ni mtoto wa nani, wa wapi? Akacheka. Tangu afike hapa ameulizwa namba ya faili tu, hakuna aliyemuuliza baba yake. Akanieleza yote: kijiji, baba aliyefundisha madrasa na kushona nguo, dada aliyebaki kwenye nyumba ya baba. Aliniomba nisiandike jina lake. Sikuliandika. Niliandika kijiji, na "mtoto wa mwalimu wa madrasa aliyekuwa pia fundi cherehani". Miaka yote hii kazini, Mama, nikaona nimemficha mtu. Wewe ukiambiwa Yakobi kuna binti wa mwinjilisti anayeshona, unakwenda moja kwa moja mpaka mlangoni. Askari nao walikwenda.

Jirani wa huko kijijini aliyempigia Nurul anasema walikuja na habari yangu kwenye simu. Mhariri wangu anauita huo uvumi. Mimi siuiti hivyo.

Nilimwomba Nurul msamaha. Akasema, "Jina langu ulilificha, Dada. La baba je?"

Nikamwambia jina la baba sikulitaja.

"Kijijini kwetu fundi alikuwa mmoja."

Bi Salima alikuwepo na chupa yake ya chai, hakunitazama. "Mpe chai aende," alisema. "Waandishi wakija huwa wanakunywa."

Nurul alikuwa amepangiwa kutoa ushahidi mbele ya kamati ya wabunge wa hapa Uingereza. Wenzake wengine sasa wanamtaka anyamaze, dada asije akaumizwa zaidi. Wamebishana hadi sauti zimekauka. Yeye amekataa. "Askari tayari wanamjua," alisema. "Wasiomjua ni hawa wabunge." Atamtaja dada yake kwa jina, na lake mwenyewe pia. Mimi ameniruhusu kukaa nyuma yake, bila daftari. Mhariri anataka habari. Nimemwambia amtume mwingine.

Najua barua zangu unawasomea akina mama wa kwaya. Hii usiisome. Mkimwombea, semeni tu dada wa mtu. Inatosha.

Nisalimie dada Bahati na viazi vyake pale sokoni Makambako, na umwambie simu yake haipatikani wiki ya pili sasa. Mjomba wa Mlangali mwambie maharage aliyoniwekea ayapande, mwaka huu siji. Baba mdogo mpe pole, nitampigia mwenyewe.

Nurul atasikilizwa Jumanne, saa tano asubuhi.

Binti yako,
Anyesi