Viti Vitupu vya Korongo

Kaka Dwight,

Huku tu wazima, isipokuwa goti langu, na nyanya zimezaa hadi nazigawa kwa majirani.

Uliniuliza kwenye simu, "Kwani watu wa huko wamelala? Mbona kwenye televisheni uwanja wa besiboli wa Korongo mtupu hivyo?" Hatukulala, kaka. Tajiri wa timu aliuza wachezaji wote wazuri, akapandisha bei ya tiketi, kisha akatangaza kwamba anaihamishia timu mji mwingine. Tukasusa. Baba ndiye aliyekuwa mbele. "Sikanyagi pale mpaka yule mwizi aondoke!" alisema, akawa anasikiliza mechi redioni pale kibarazani huku akimtukana.

Basi tajiri akapiga picha vile viti vitupu, akawapelekea wakubwa wa ligi. "Mnaona wenyewe? Mji huu haupendi besiboli." Wakamkubalia.

Jumapili ilikuwa mechi ya mwisho kabla timu haijahama. Ajabu, watu walifurika kuiaga, wengine wakakosa pa kukaa. Mimi nilikalia kiti changu kilekile, cha Baba kikiwa upande wangu wa kulia, na sikumruhusu mtu akiguse. Zamu ya saba kati ya tisa ilipofika, uwanja mzima ukasimama kujinyoosha na kuimba, kama ilivyo desturi ya besiboli. Nikavuta miguu pembeni ili Baba apite, maana huo ndio wakati wake wa kwenda kununua karanga.

Nilisahau kabisa, kaka, kwamba tulimzika Agosti, akiwa bado amesusa.

Mdogo wako,
Lorna