Wosia Uliomo Ndani ya Kopo la Biskuti

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla sijachelewa, maana mimi na Humphrey tumekaa pamoja hapa Upplands Väsby mwaka wa thelathini na moja sasa, yeye alikuja kusomea uhandisi, mimi nikaja kwa mafunzo ya uuguzi, mahari alimpelekea baba yangu Bukoba, harusi tukasema tutafunga tukipata nauli ya ndugu, nauli ikapatikana ikaezeka nyumba ya mama, basi mpaka leo kwenye karatasi za Waswidi mimi ni sambo, yaani mtu unayeishi naye bila ndoa, na siku tuliyoliona neno hilo mara ya kwanza Humphrey alicheka akasema, "Wini, sambo ni sambamba iliyoshikwa na baridi ikaishia njiani," nami nikalipenda.

Nyumba aliinunua yeye kabla hatujajuana, na anaye mtoto mmoja wa zamani, Anthony, mtu mzima, mwema, anaishi Malmö, namsalimu kwa Kiswahili ananijibu kwa Kiswidi. Mwezi uliopita tulimzika Ochola wa Fittja, na Maombi, mwanamke aliyeishi naye miaka kumi na tisa, sasa anafunga masanduku kwa kuwa warithi ni watoto wa marehemu, nikarudi nimeingiwa na hofu, nikamwomba Humphrey tuandike wosia. Akatoa kopo la biskuti, akaniwekea kaseti ya mwaka tisini na sita, enzi zile tukituma sauti nyumbani badala ya barua, akisema kwa sauti ya ujana, "Nyumba hii ni ya Winifrida, atakayemsumbua nitamtokea ndotoni," na nyuma yake nasikika mimi nikicheka na birika likipiga mluzi. Nililia, mshauri. Akaniuliza, "Nimeshausia. Unataka nife mara ngapi?" Wiki tatu kutoka leo anapasuliwa moyo. Nimwache na kaseti yake?

Winifrida, Upplands Väsby

Dada Winifrida,

Kaseti hiyo naijua kabla sijaisikia. Mimi nilikuwa na ya mama yangu, upande mzima ananisalimu na kunitajia waliozaa na waliohama, na jogoo anamkatiza. Kizazi chetu kiliamini sauti. Mtu akisema, amesema. Lakini hakimu wa hapa hana pa kuchomeka kaseti.

Mumeo ni mhandisi. Muulize ni daraja gani alilijenga kwa maneno ya mdomo. Na wale wanaonong'ona kanisani kwamba kuandika wosia ni kuita kifo, waulize: Ochola hakuandika, je, kifo kilipotea njia?

Wewe nawe usijifiche nyuma ya machozi. Miaka yote hii umetia alama kwenye kisanduku cha sambo huku unacheka, hukuuliza hata siku moja neno hilo linakupa nini. Sambo harithi. Na nyumba iliyonunuliwa kabla yako, huna hata nusu ya kudai.

Wiki hii, si mwezi ujao, muoneni mwanasheria mwandike wosia wa karatasi, ule Waswidi wanaouita testamente. Humphrey atie saini mbele ya mashahidi wawili waliomo chumbani kwa wakati mmoja, na wasiwe jamaa zenu. Waiteni majirani, wapikieni kahawa. Anthony msimzunguke: sheria inamlindia mtoto nusu ya fungu lake, na ni haki yake. Baba yake ampigie simu leo amweleze mwenyewe, kwa lugha yoyote, asije akasikia kwa mwanasheria.

Kisha ombeni kibali cha ndoa. Karatasi zake huchukua wiki kadhaa, ndiyo maana nasema wosia kwanza.

Kaseti irudishe koponi, uitunze. Wosia ukishatiwa saini, itabaki na kazi yake ya haki, kukusikilizisha kicheko chako. Na Humphrey mwambie hivi kutoka kwangu: neno lako limekaa kwenye baridi miaka thelathini na moja. Lifikishe.