Mtaro wa Mawe Nyuma ya Bwalo

Jumatatu, 2 Julai 2001

Baba Atupele,

Ukungu mzito leo. Kuni mbichi, moshi machoni. Uji wa wanafunzi ulichelewa kidogo, hakuna aliyelalamika.

Nilipotoka kumwaga maji nikaona watu wanne nyuma ya bwalo. Wana kamba, vigingi na kile chombo cha miguu mitatu cha kupimia. Tumpe, mwenzangu wa jikoni, hakuweza kuvumilia. Akawafuata na mwiko wake mkononi. Akarudi anacheka.

"Dada, maktaba! Ghorofa tatu za vitabu. Nani atavimaliza?"

Nimefurahi. Ungekuwepo ungeacha chai ipoe ukaenda kuwaangalia.

Alhamisi, 5 Julai

Nimekaa nikikumbuka chuo kilivyokuwa miaka yetu ya kwanza hapa. Madarasa mawili, bweni moja la mabati, bwalo lisilo na milango. Saruji ilikuwa kwa kibali, na kibali kilikuwa kusubiri. Mkipata mfuko mmoja mlikuwa mnaufunika kama mtoto mchanga. Leo ukienda mjini Tukuyu, pale mtaa wa Bagamoyo, saruji imepangwa nje ya maduka na mwenye duka anakuita mwenyewe.

Sasa tuna jengo la utawala lenye vigae. Bweni la wasichana lina ngazi ndani. Kuna ukumbi. Kuna chumba cha kompyuta ambamo unavua viatu mlangoni kama unaingia kwa mgonjwa. Tangu chuo kiruhusiwe kutoa shahada haujapita mwaka bila jengo jipya. Vijana wa kijijini kwenu Nkunga wanasomea shahada hapa na Jumapili wanaenda kula mbalaga, ndizi zetu za kupika, kwa mama zao. Mimi nilidhani shahada inapatikana Dar es Salaam peke yake.

Yale madarasa mawili ya kwanza, uliyoyajenga wewe, yalibomolewa mwaka jana. Sikulia siku ile. Yalikuwa yanavuja kweli. Nililia kesho yake, kwenye vitunguu, Tumpe asijue.

Jumanne, 10 Julai

Malori matano ya mawe na kokoto. Nondo ndefu zinaburuzika nyuma ya lori hadi zinatoa cheche. Katapila limeshushwa mchana, rangi ya njano, meno mbele. Wanafunzi walitoka darasani kulitazama na mwalimu akatoka nyuma yao, si kuwarudisha, kutazama.

Injinia ni kijana wa Tanga. Ana heshima. "Shikamoo mama yangu," kila anapopita dirishani, na macho kwenye sufuria. Amepewa wali wa juu.

Jumamosi, 14 Julai

Sina raha.

Leo nimeangalia vizuri vile vigingi. Kamba inapita nyuma ya bwalo, inashuka hadi kwenye mkaratusi. Ni upande ule ule mlikochimba mtaro, wewe na baba yako.

Hakuna anayeukumbuka. Umefunikwa, majani yameota juu. Lakini mimi nakumbuka masika kabla yake. Chemchemi ya kilimani iliingia bweni la wasichana, viatu vikaelea, wasichana wakalala juu ya meza za bwalo siku tatu. Saruji haikuwepo. Baba yako akasema maji hayahitaji saruji, yanahitaji njia. Mkajenga kwa mawe matupu, bapa juu ya bapa, chini ya ardhi. Tangu siku hiyo hakuna aliyelala juu ya meza.

Wakiukata, maji yatarudi. Yataingia maktaba, yataingia bweni. Na kwenye chuo hiki hakuna kitu kingine kilichobaki cha mikono yako. Nasema ukweli, hilo la pili ndilo linaloniuma zaidi.

Nimemwambia injinia alipokuja kula. Amesikiliza vizuri. Akatandika ramani kwenye meza ya kukatia mboga. Mtaro haumo. "Unapita wapi hasa, mama? Nionyeshe."

Sikuweza. Nilibeba mawe miezi miwili lakini baba yako alikuwa mle shimoni, nami ni mkwewe, simkaribii. Niliyamwaga kwenye lundo huku juu, nikageuka, nikarudi nilikotoka. Sikuwahi kufika ulipo mtaro wenyewe hata siku moja.

Jumapili, 15 Julai

Kanisani. Sikusikia mahubiri.

Jumanne, 17 Julai

Nimeitwa kwa mkuu wa chuo. Injinia alikuwepo, na bwana mmoja wa kampuni yao ambaye hakukaa. Viti vina magurudumu. Niliogopa kukaa nikateleza.

Mkuu alikuwa mpole. Akauliza nani anaijua njia ya mtaro. Nikasema waliochimba ni wawili. Mmoja ni marehemu mume wangu. Wa pili ni baba mkwe, yuko Nkunga, mzima.

"Anaitwa nani tumfuate?" Yule bwana, kalamu mkononi.

Nikatazama magurudumu ya kiti.

"Mama, jina."

Unajua siwezi. Tangu nilipoolewa sijalitamka, sijakaa naye mahali pamoja, nikimwona njiani naingia migombani. Wengine siku hizi wameyaacha hayo. Nyumba yetu haijaacha. Hata humu silitaji. Nikasema tu, "Sitaweza kulitaja."

Akafunga daftari. "Mkuu, siwezi kusimamisha katapila kwa ajili ya mzee asiye na jina."

Mkuu naye si mtu wa huku. Akanitazama kama anayesubiri niongeze neno. Nilipaswa kuwaeleza. Ni jambo la maneno matatu, Tumpe angelisema huku anamenya ndizi. Lakini mbele ya kile kiti cha magurudumu ulimi ulikuwa mzito. Wamedhani nimeutunga mtaro. Nimetoka nimejichukia.

Katapila linaanza Jumatatu.

Ijumaa, 20 Julai

Nimemtuma Tumpe aende Nkunga, kwao ni jirani na kwenu. Amerudi jioni na jibu. Mzee amesema haji. Tangu tulipokuzika hajakanyaga chuoni na hana mpango wa kukanyaga.

Nimeunguza maharage. Mara ya kwanza tangu ulipoondoka.

Jumapili, 22 Julai

Nimeenda mwenyewe. Tumpe alinisindikiza.

Kwanza nilipita kaburini kwako. Migomba imekaribia sana, majani yanakufunika. Nimeipunguza kidogo.

Kisha nikaenda nyuma ya nyumba, nikakaa chini na mgongo wangu ukutani. Mzee alikuwa barazani, upande wa pili. Tumpe akasimama kwenye kona, katikati yetu. "Haya," akasema, "leo mimi ni simu. Semeni kabla salio halijaisha."

Nikasema kwa sauti ya kawaida. Mzee alisikia kila neno, ukuta wenyewe ni wa udongo. Lakini alingoja mpaka Tumpe arudie, ndipo akajibu. Nami nilimsikia, nikangoja hivyo hivyo. Tumpe akasema hajawahi kufanya kazi ya bure namna hii.

Nilimwambia mzee maktaba inajengwa, ghorofa tatu, nzuri, na kwamba itakaa juu ya mtaro.

Akajibu, "Mwambie chuo kile kilimla mwanangu. Alikuwa kwenye matope yao masika yote, kifua kikamkamata. Wavunje wanachotaka."

Baridi ya ukuta ilifika mbavuni. Sikuwa na hasira naye. Mimi pia nimeyasema hayo mara nyingi, kimyakimya.

Nikasema, "Mwambie baba, madarasa yake yameshavunjwa. Umebaki mtaro tu. Ukikatwa, hakuna mahali nitakapoweza kumwonyesha Atupele kwamba hapa baba yake alifanya kazi."

Tumpe alirudia. Safari hii hakutania.

Kuku wakapita. Halafu, "Mwambie nimesikia."

Basi. Tumerudi kwa miguu mpaka barabarani. Sijui kama atakuja.

Jumatatu, 23 Julai

Saa mbili katapila likawaka. Limeanzia upande wa mkaratusi, mbali na bwalo. Kila lilipouma ardhi nilisikia sakafu ya jiko ikitetemeka chini ya miguu. Nilipika bila kujua napika nini.

Saa nne hivi Tumpe akaingia mbio. "Dada, ingia stoo! Baba mkwe anakuja! Koti refu, fimbo, na ile kofia anayovaa Krismasi tu!"

Nikaingia stoo nikajificha nyuma ya magunia ya maharage. Mwanamke mzima wa miaka arobaini na sita. Sikuona kitu. Niliyoyajua niliyasikia kupitia matundu ya ukuta, mengine alinieleza Tumpe.

Mzee hakusalimia mtu. Alienda kwenye kona ya bwalo, akaegemeza kisigino ukutani, akaanza kuhesabu hatua kwa Kinyakyusa. Yule bwana wa kampuni akauliza huyu ni nani. Tumpe akamjibu, "Ndiye yule mzee asiye na jina." Kisha akamtajia jina lote, la kwake na la babu yake, kwa sauti kubwa uwanja mzima usikie. Nikaziba masikio.

Nilipozibua, katapila lilikuwa limezimwa. Kimya kile nilikipenda.

Mzee akapiga fimbo chini. "Hapa. Jembe. Hilo lidude lenu likae huko huko."

Walichimba kwa majembe. Kina cha kiuno cha mtu, wakafika kwenye jiwe bapa. Wakaliinua watu wawili. Chini yake maji yanapita. Kiangazi, na yanapita, safi, Tumpe anasema unaona mpaka kokoto. Injinia akavua kofia yake, akapiga magoti, akaingiza mkono hadi kwapa. Akapapasa mawe ya pembeni. "Hakuna saruji," akasema. "Hakuna saruji hata kidogo na halijahama hata jiwe moja." Akawaita vijana wake wote waje waone. Akawaambia, "Tazameni. Hivi ndivyo fundi anavyopanga."

Fundi. Amesema fundi. Nilisikia kwa masikio yangu.

Mzee alikaa kwenye benchi la nje ya jiko, upande wangu, ukuta katikati. Akaomba chai. Nilitoka stoo kwa kuinama, nikaichemsha mwenyewe, majani mengi na tangawizi kama mnavyokunywa kwenu. Tumpe akampelekea.

Alikunywa taratibu. Kisha akasema kwa sauti ya juu kuliko Tumpe aliyekuwa mbele yake alivyohitaji, "Mwambie aliyepika, chai imekolea. Mwambie na hili. Mimi nilichimba tu. Mawe aliyapanga mwanangu. Nilikuwa sijamwambia kwamba alipanga vizuri."

Tumpe akaja mlangoni arudie. Akanikuta nimekaa chini. Hakurudia.

Ijumaa, 27 Julai

Vigingi vimehamishwa. Maktaba imesogea juu, inakwepa mtaro wote. Mkuu amekuja jikoni mwenyewe, amesimama kwenye moshi na suti yake, akasema asante na samahani.

Injinia naye amekuja. "Mama yangu, mimi nilifikiri unanidanganya. Kwetu mkwe unataniana naye mpaka anakimbia. Ungeniambia ningekupa karatasi uandike jina."

"Hata kuandika siandiki, mwanangu."

Akacheka, akatikisa kichwa, akaomba ukoko wa wali.

Jumamosi, 9 Machi 2002

Sijaandika muda mrefu. Kazi nyingi.

Ghorofa ya pili imefunikwa. Lazima nikuambie ilivyo nzuri. Wanapandisha zege kwa mashine yenye ndoo, inapanda na kushuka siku nzima. Madirisha ni makubwa kuliko milango yetu. Mafundi wanajua kazi. Mvua ya huku imewashangaza, wale wa pwani walidhani itakatika Januari. Wameshona maturubai na hawajasimama hata siku moja. Jioni wakishashuka nasimama kidogo nyuma ya bwalo na kuangalia kuta zilivyonyooka. Nafikiri ungezikagua kwa jicho moja umefumba, halafu ungesema, sawa.

Jumapili, 1 Desemba 2002

Mvua siku ya tatu mfululizo.

Maktaba ilifunguliwa mwezi uliopita. Hotuba zilikuwa nyingi. Walishukuriwa wahisani, kampuni na kamati. Mtaro haukutajwa na sikutegemea utajwe. Sikuumia.

Leo baada ya ibada mkutubi aliniruhusu kuingia. Nilifuta miguu mara mbili. Harufu ya mbao mpya. Rafu zimejaa mpaka ukutani na nyingine zinasubiri. Wanafunzi wameinamisha vichwa, hakuna anayeongea, nje mvua inapiga na ndani pakavu kabisa. Nilipanda mpaka juu, polepole, nimeshika ukuta. Kutoka kule unaona mashamba ya chai mpaka yanapoingia mawinguni. Sijawahi kuona Tukuyu namna ile. Niliona fahari, kana kwamba nami nimeijenga.

Msichana mmoja aliinua macho akanipisha kiti. Nikakaa naye. Alikuwa anaandika, viatu vyake chini ya meza, vikavu. Hakuniuliza mimi ni nani.

Atupele ameomba nafasi hapa mwakani. Baba yako hatembei tena, lakini bado anatuma ndizi kwa Tumpe na kumwambia zipelekwe jikoni, hataji kwa nani.

Sina zaidi. Sijui kama huko uliko watu wanakumbukana. Kama mnakumbukana, Baba Atupele, unikumbuke na mimi.