Maziwa ya Igawa na Damu ya Baba

Shikamoo Mama. Mbeya ni baridi tupu, mimi nimechoka, na Baba hajambo kwa ubishi. Pale Igawa alishuka akanywa maziwa mgando vikombe vinne, eti yasafishe mapafu kabla daktari hajayaona.

Leo wamemtoa damu. Daktari akamweleza kuwa saratani ya mapafu huachia protini zake kwenye damu, na wakizipima na kupiga picha wataona kama imebaki pale pale au imehamia kwingine. Baba akamjibu, "Mwanangu, mimi sijahama Rujewa tangu nizaliwe. Ugonjwa wangu uhamie wapi?" Nesi akageukia ukutani kucheka. Baba akaongeza kuwa sigara aliacha zamani, na pakiti ikadondoka kutoka kwenye mfuko wa siri ndani ya koti.

Mfuko ule wa siri uliushona wewe, Mama. Uzi wako naujua.

Tulipotoka akauliza kwa sauti ya chini kama protini nazo zinaweza kudanganya kidogo. Nikamwambia hapana, Baba. Akanishika mkono, hakuuachia mpaka nyumba ya wageni.

Majibu ni Ijumaa. Nibusie mwanangu, na sigara zilizobaki kabatini zitumbukize chooni, zote.

Bintiyo,
Tumaini